Fundo la Skola

Vijana wa gereji, mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Mlisema kwa adabu, lakini nimewaelewa: mnaona nimeshaanza kusahau. Ni kweli, wiki iliyopita nilitafuta miwani nusu saa nzima ikiwa usoni kwangu. Lakini gari linalomisi bado nalisikia likipita barabarani, nami nimekaa barazani kwangu Kilakala nachambua mchicha, na namwambia jirani kwamba lile lina silinda moja imelala. Jirani amechoka kuambiwa. Yeye hana gari.

Sitaandika nilipandishwa daraja lini wala nililipwa nini. La kwanza halikutokea mara nyingi, na la pili mnalijua kwa sababu mnalipwa hivyo hivyo. Nitaandika habari za kumisi, maana ndio ugonjwa niliotibu zaidi katika maisha yangu ya kazi, na ndio ulionifanya nikakaribia kumfukuzisha kazi mtu ambaye hakuwa na kosa lolote isipokuwa kuwa mtani wangu. Kwa hiyo someni mpaka mwisho, msiishie kwenye plagi.

Nilifika gereji ya taasisi yetu nikiwa na miaka ishirini na mbili, cheti cha ufundi kwenye bahasha, na ovaroli niliyoipiga pasi mpaka ikasimama yenyewe. Mzee Shomari ndiye aliyekuwa fundi mkuu. Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye kofia ya kiua iliyokuwa nyeupe zamani, na hakuwahi kukimbia isipokuwa kuwahi swala. Aliitazama mikunjo ya pasi kwenye ovaroli yangu, akaniuliza kama nimekuja kazini au nimekuja kupiga picha.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Picha tutapiga jioni."

Jioni yake hakuna mpiga picha ambaye angenikubali. Lakini siku hiyo sikushika spana hata moja. Mzee Shomari alinipa kipande cha karatasi ya daftari, akawasha lori lililokuwa uani, akaniambia nikachutame nyuma na kuishika ile karatasi mbele ya bomba la moshi.

"Inafanya nini?" akauliza.

"Inapepea."

"Inapepea sawasawa?"

Nikaitazama vizuri. Ilikuwa inasukumwa, inasukumwa, inasukumwa, halafu inavutwa ndani kidogo kama inayotaka kunyonywa. Nikamwambia.

"Basi hiyo ndiyo misi," akasema. "Injini hii ni watu wanne wanasukuma mkokoteni. Watatu wanasukuma, mmoja ameshika tu. Kazi yako ni kumjua ni nani, halafu umuulize kwa nini. Usimpige kabla hujamuuliza."

Nilikaa nyuma ya lori lile siku tatu na karatasi yangu. Nilikohoa moshi kwa wiki nzima, na mama yangu alidhani nimeajiriwa jikoni. Lakini tangu hapo sijawahi kukosea kulitambua gari linalomisi. Kilichokuja kunishinda, kama mtakavyoona, ni ile sehemu ya kuuliza.

Njia za Mzee Shomari mnazijua baadhi, kwa kuwa niliwaonyesha mkanicheka. Bisibisi ndefu, ncha yake kwenye injini na mpini wake sikioni, unasikia kila silinda inavyogonga. Matone ya maji juu ya mabomba ya kutolea moshi: silinda inayofanya kazi hukausha tone papo hapo kwa mlio, ile iliyolala huliacha tone limekaa. Kisha unachomoa plagi na kuisoma. Ikiwa ya kahawia, mshukuru Mungu uifunge. Ikiwa nyeusi yenye masizi, mafuta yanaingia mengi au cheche ni dhaifu. Ikiwa nyeusi na imelowa oili, mwambie mwenye gari akae kwanza ndipo umweleze. Ikiwa nyeupe, injini inaungua kwa joto.

Halafu ikaja ile sheria aliyokuwa akiirudia kila wiki: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukishuku koili inayoipa umeme plagi ya silinda ya pili, ihamishie ya tatu. Ugonjwa ukihama nayo, koili ndiyo mgonjwa. Ukibaki pale pale, koili haina hatia, irudishe kwake na uiombe radhi. Nyie mna kompyuta ya kupimia, mnachomeka waya na inawaambia silinda ya tatu inamisi. Vizuri sana. Mimi nami niliipenda ile mashine ilipoletwa, niliifuta vumbi kila asubuhi. Ila mashine inakuambia nani hasukumi. Haikuambii kwa nini.

Nimekutana na sababu nyingi. Padri mmoja wa kigango cha milimani alileta gari lake akasema lina pepo, na kwa kuwa yeye ndiye mtaalamu wa eneo hilo nilikaribia kumwamini. Tukakuta panya amejenga juu ya injini na kula ganda la waya wa plagi. Gari lilikuwa linalala karibu na ghala la karanga. Mwalimu mmoja wa hapa Kilakala, mama msafi kupita kiasi, gari lake lilikuwa linamisi kila Jumatatu na kupona kila Jumatano. Nililitibu miezi miwili mpaka nikamuuliza Jumapili huwa anafanya nini. Akaniambia kwa fahari kwamba anaiosha injini kwa mpira wa maji, ndani kabisa, ing'ae. Maji yalikuwa yanakaa kwenye mashimo ya plagi mpaka joto liyakaushe. Nilimwomba aioshe sebule badala yake.

Mzee Shomari alikuwa na usemi wake mmoja, alionisalimia nao hata siku anaaga: gari halidanganyi, mwenye gari anadanganya kidogo, fundi ndiye anayedanganya kuliko wote. Nilikuwa nacheka. Nilidhani anawasema mafundi wa mtaani.

Sasa nije kwa Maganga.

Maganga alikuwa dereva wa taasisi, Mnyamwezi kutoka Tabora, mtu mrefu wa sauti nzito aliyenizidi miaka miwili. Aliendesha pikapu ya petroli, ile iliyokuwa ikipeleka mbegu na mbolea kwa wakulima wa mboga wa Mgeta, huko milimani. Na mimi ni Mluguru wa Matombo. Mnajua maana yake, au mnapaswa kujua: Wanyamwezi na sisi ni watani tangu babu zao walipokuwa wakipita hapa na mizigo kwenda pwani. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza aliyoingia getini hatukuwahi kusalimiana kama watu wenye akili. Yeye aliniita mke wake aliyemkimbia. Mimi nilimwita mpagazi. Alisema Waluguru tumejificha milimani kwa sababu tulimwibia mtu bondeni. Nilisema yeye alikuja Morogoro kwa miguu na bado hajajua kwamba gari lina usukani. Akiumwa nilikuwa wa kwanza kufika kwake na uji, na nikifika nilimwambia aharakishe kufa nirithi redio. Mama yangu alipofariki, Maganga alifika msibani akalala kifudifudi mlangoni, akasema hatolewi mtu hapa mpaka alipwe kuku. Nilicheka siku hiyo, nami sikutegemea kucheka. Hivyo ndivyo tulivyokuwa kwa zaidi ya miaka ishirini.

Kama miaka minane hivi iliyopita, ile pikapu ikaanza kumisi. Maganga aliileta mara ya kwanza, nikabadilisha plagi zote nne, nikaijaribu hapa mjini mpaka Msamvu na kurudi, ikaenda vizuri. Aliileta mara ya pili. Nikahamisha koili, nikasafisha nozeli za kunyunyizia mafuta, nikaijaribu mpaka Mazimbu, ikaenda vizuri. Mara ya tatu aliingia uani, akazima, akashuka akiwa amekunja uso.

"Mtani, bado linamisi," akasema. "Kule juu, ukishapita Langali, nikiwa na..."

Sikumwacha amalize. Gereji nzima ilikuwa inatusubiri, kama kawaida.

"Linamisi kwa sababu unaiuza petroli njiani halafu unajazia mafuta ya taa," nikasema kwa sauti. "Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani bila kupunguza hata moja. Wewe lita kumi tu zinakushinda."

"Naiba kidogo kidogo, mke wangu," akajibu. "Si namalizia mahari yako."

Watu wakacheka mpaka mmoja akaangusha jeki. Mtu mmoja hakucheka. Alikuwa Dickson, afisa usafirishaji mpya, aliyekuwa na wiki tatu kazini. Sasa hivi ndiye bosi wenu na mnamwona mtu mwema, na ni kweli ni mwema. Wakati huo alikuwa kijana aliyezaliwa na kukulia Dar, ana shahada, ana daftari, na nyumbani kwao hakuna aliyewahi kulala mlangoni pa msiba kudai kuku. Alikuwa amesimama mlango wa stoo. Alisikia fundi wa gari akimtuhumu dereva kuchanganya mafuta, akasikia dereva akikubali. Akaandika.

Jumatatu barua ikatoka. Dereva Maganga asimamishwe kuendesha, akae getini na walinzi, na Ijumaa afike mbele ya kamati ya nidhamu kujibu tuhuma ya wizi wa mafuta na kuharibu gari la ofisi. Chini yake ilikuwa imeandikwa kwamba fundi anayehudumia gari hilo amethibitisha mbele ya mashahidi.

Niliisoma mara mbili kwenye ubao wa matangazo, mikono ikiwa na grisi. Maganga alikuwa na watoto watano na mkubwa wao alikuwa ndiyo kwanza ameingia chuo. Na dereva akishafukuzwa kwa wizi wa mafuta, hapa Morogoro hapewi tena hata toroli.

Nikaenda ofisini kwa Dickson bila kunawa.

"Bosi, ule ulikuwa utani," nikamwambia. "Mimi Mluguru, yeye Mnyamwezi. Muulize mtu yeyote."

"Nimeshaambiwa, Mama," akasema. Hakuwa na dharau, na hilo ndilo lililoniumiza. "Lakini naomba unisaidie. Utani pembeni. Gari linamisi au halimisi?"

"Linamisi."

"Limeshaletwa mara tatu na umeshabadilisha vitu. Kama si mafuta, ni nini?"

Nikamwambia anisubiri.

Nilikwenda kuchota petroli kwenye tangi la pikapu, nikaimwaga juu ya karatasi nyeupe mbele yake. Petroli safi hukauka na kuondoka. Yenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Ikakauka, karatasi ikabaki nyeupe. Dickson akaiinua mwangani. Kisha akauliza swali ambalo hata mimi ningeuliza: hii ni ya leo, je, ya wiki iliyopita?

Kwa hiyo kilichobaki ni kimoja tu. Niupate ugonjwa wa gari kabla ya Ijumaa, la sivyo maneno yangu yangemla Maganga.

Jumanne yote niliipima ile pikapu. Mashine ilisema silinda ya tatu imewahi kumisi. Plagi ya tatu ilikuwa ya kahawia, nzuri kama ya kwenye picha. Koili haikuwa na hatia. Nikaizungusha mjini mpaka walinzi wakadhani nimenunua gari. Ilinguruma vizuri, bila kukwama hata mara moja.

Jumatano nikaenda getini. Maganga alikuwa amekaa kwenye benchi la walinzi, amevaa shati la kazi lililofungwa vifungo vyote, mikono mapajani. Nilianza kumwambia kwamba hatimaye amepata kazi inayolingana na akili yake. Nilipomtazama usoni nikauacha mzaha, nikakaa naye kwenye benchi.

"Niambie tena linavyoumwa," nikasema.

"Nimekuambia mara tatu, Skola."

Na kweli aliniambia mara tatu, nami sikukumbuka hata moja, kwa sababu kila alipofungua kinywa mimi nilikuwa ninatunga jibu. Nikamwomba samahani, nikamwomba aniambie mara ya nne. Akaniambia taratibu. Linamisi likipanda, likishuka linapona. Likiwa tupu halimisi. Likiwa na mzigo, gia ya kwanza, pale barabara inapoanza kujikunja baada ya Langali, linaanza kutetemeka kama lina homa. Ukifika juu tambarare, linatulia.

Ukweli ni kwamba ningelijua hilo tangu mara ya kwanza kama ningefuata sheria nyingine ya Mzee Shomari: panda gari ulifuate linapoumwa. Sikuifuata kwa sababu naiogopa barabara ya Mgeta. Ndiyo, Mluguru anaogopa milima. Chekeni. Maganga alikuwa anajua, na hakuwahi kunitania kwa hilo hata mara moja.

Alhamisi asubuhi tukapakia magunia ya viazi mbegu mpaka springi zikalalamika. Dickson akasema atakuja mwenyewe aone kwa macho yake. Kwa kuwa Maganga alikuwa haruhusiwi kushika usukani, akaendesha Dickson. Tukakaa watatu mbele, Maganga katikati magoti yakiwa karibu na kidevu, mimi dirishani upande wa bonde. Mpaka Mzumbe tulikuwa watu wa kawaida. Baada ya Langali nilianza kusali rozari kwa vidole.

"Gia ya kwanza hapa, bosi," Maganga akawa anasema kwa upole. "Kaa kulia. Usitazame bondeni, tazama unakokwenda."

Kona ya pili ya mlima, pikapu ikaanza. Ilitetemeka, ikapoteza nguvu, ikasukuma, ikapoteza tena. Dickson alibadilika rangi. Maganga akanyoosha mkono akavuta hendibreki, akaniambia niruke niweke jiwe nyuma ya tairi, na nikaruka kama msichana. Tulipokwisha simama salama, Dickson hakuondoa mikono kwenye usukani.

"Unapita hapa kila wiki likiwa hivi?" akamuuliza Maganga.

"Mara mbili kwa wiki," Maganga akasema.

Nikafungua boneti. Kulikuwa na baridi, ukungu ulikuwa unashuka kwenye bustani za kabichi, na injini ikiwa inaunguruma pale pale ilisikika nzima kabisa. Nikamwambia Dickson aiache hendibreki juu, aweke gia ya kwanza, aachie klachi kidogo huku anakanyaga mafuta, kana kwamba anataka kupanda. Akafanya hivyo. Nikaiona injini ikiinuka upande mmoja, vidole viwili hivi. Mpira unaoibeba upande wa kulia ulikuwa umechoka. Ilipoinuka, nyaya za koili zikavutika kama kamba ya kuanikia nguo, na injini ikaanza kumisi. Akaachia mafuta, injini ikakaa, nyaya zikalegea, ikapona. Nikamwambia arudie. Ikamisi. Arudie tena. Ikamisi.

Nilitaka kupiga makofi. Kisha nikaangalia ni nini kinachozishika zile nyaya zisiifuate injini.

Ulikuwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Ulizungushwa mara tatu, ukapita chini ya wenyewe, ukarudi juu na kubanwa, ncha zimekatwa sawa. Ulikuwa umezifunga nyaya za koili kwenye chuma cha bodi ya gari, bodi ambayo haiinuki, bila kuziachia nafasi hata ya kidole. Gereji nzima inalijua fundo lile. Nilijifunza kwa bibi yangu aliyekuwa anafungia mizigo ya ndizi, na Mzee Shomari alilipa jina, fundo la Skola. Nilikuwa naringa nalo. Nililifunga pale mwezi mmoja kabla ugonjwa haujaanza, nilipokuwa nikirekebisha taa, kwa sababu nyaya zilikuwa zinaning'inia na mimi sipendi uchafu.

Maganga alikuwa amesimama kando yangu. Aliliona. Nilijua ameliona, kwa kuwa alilitazama fundo, akanitazama mimi, kisha akageuka kutazama kabichi.

Nikaukata ukanda kwa kisu kando ya fundo, ukaangukia barabarani. Dickson akajaribu tena. Injini ikainuka, nyaya zikaifuata, na haikumisi. Chini ya pale palipofungwa, ganda la waya wa silinda ya tatu lilikuwa limekatika na shaba inaonekana.

"Kwa hiyo ni waya," Dickson akasema akishuka. Akainama, akautazama ule ukanda chini. "Na hiki ni nini? Nani amefunga hivi? Ndiyo haya, madereva wanafungafunga vitu njiani bila kumwambia fundi. Kumbe bado ni yeye."

Maganga angeweza kusema, na hakusema. Hata leo sijui angekaa kimya mpaka lini. Labda mpaka kwenye kamati, labda mpaka getini kabisa na mzigo wake kichwani. Nami nawaambia ukweli, vijana, kwa kuwa nimestaafu na hamwezi kunifanya kitu: kwa muda wa pumzi mbili au tatu, nilifikiria kunyamaza. Nilikuwa fundi mkuu. Nilikuwa nimeshawacheka wengi kwa makosa madogo kuliko lile.

"Fundo hilo ni langu," nikasema. "Nimelifunga mimi. Yeye ameniambia mara tatu gari linaumwa wapi, nami nimemjibu kwa mzaha mara tatu."

Dickson alinitazama, kisha akamtazama Maganga. Akatoa funguo kwenye usukani akampa.

"Samahani, mzee," akamwambia. "Tupeleke."

Maganga akatufikisha juu, akashusha viazi, akaturudisha. Ijumaa kamati ilikaa kwa dakika kumi, yeye akarudishiwa gari, mimi nikapewa barua ya onyo. Barua ninayo bado. Dickson alikuja gereji baadaye akaniuliza, kwa dhati kabisa, mtu atajuaje kwamba huu ni utani. Nikamwambia amwangalie anayetaniwa, kama anacheka. Akasema siku ile yeye alikuwa anaangalia daftari.

Nilidhani mambo yamekwisha. Jumatatu Maganga alipoingia nikamwambia, "Mpagazi umerudi, tumeanza kuficha makopo ya petroli."

"Habari za asubuhi, Mama Skolastika," akasema. "Gari liko salama, namshukuru Mungu."

Nikajaribu tena Jumanne. Akatabasamu kidogo, akasema, "Ni kweli, Mama." Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka sita, mpaka alipostaafu. Heshima tupu. Alinisalimia vizuri, aliniulizia watoto, aliniandikia matatizo ya gari kwenye karatasi kwa mwandiko safi, akaisaini. Nilikuwa naipokea ile karatasi natamani anitukane. Nyie mliokuja wakati huo mlidhani ndivyo mtu mzima anavyoongea na fundi mkuu. Siku moja nilimfuata chini ya kivuli cha karakana nikamuuliza nimlipe nini turudi kama zamani.

"Sina kinyongo, Skola," akasema. "Ulisema kweli mbele yake, nimeliona. Lakini maneno yako yalifika kwenye faili. Nilikaa getini siku tatu nawaza nitawaambia nini watoto. Nikitaka kutania, naliona lile faili. Mdomo unakataa."

Alistaafu, akahamia Ngerengere kwa mkewe anakofuga mbuzi, na kwenye hafla ya kumuaga nilitoa hotuba nzuri isiyo na mzaha hata mmoja. Alipiga makofi kwa adabu. Nilirudi nyumbani nikalia.

Mambo ya hafla yangu mnayajua, mlikuwepo. Mlipika pilau, mkanipa kiti cha kunesa, na mmoja wenu akasema nilikuwa mama kwake, huku akinipa koili mbovu imefungwa utepe. Sikuwa nimemtegemea Maganga. Aliingia getini amevaa koti, ameshika fimbo, akawapa walinzi mkono mmoja mmoja, akakaa nyuma. Mshereheshaji alipouliza kama kuna mwingine mwenye neno, akasimama.

"Ndugu mgeni rasmi, ndugu wafanyakazi," akaanza, kwa ile sauti ya adabu ya miaka sita, na mimi nikainamisha kichwa. "Nimetoka Ngerengere kwa jambo moja. Huyu mama anaondoka leo. Naomba kabla hamjamfungulia geti, apekuliwe."

Mkatazamana, nyie mliokuja baada ya kesi ile.

"Waluguru nawajua," akaendelea. "Hatoki mikono mitupu. Mimi nimebeba lawama ya petroli yake, nimekaa getini siku tatu, nimenyamaza. Sasa namaliza. Ushahidi ninao."

Akatia mkono mfukoni, akatoa ukanda mweusi wa tyubu ya baiskeli, umekatwa kwa kisu upande mmoja, fundo lenyewe likiwa zima kama nilivyolifunga. Aliliokota siku ile pale mlimani, sisi tulipokuwa tunaingia garini. Alikuwa amelitunza miaka minane. Akaja mpaka mbele akaliweka mapajani mwangu.

"Chukua kamba yako, mke wangu," akasema. "Mahari basi tena, umezeeka."

Nilikuwa na majibu ya miaka minane nimeyaweka akiba, mazuri, mengine nilikuwa nayafanyia mazoezi nikiosha vyombo. Sikupata hata moja. Nililishika lile fundo nikacheka mpaka machozi yakatoka, halafu yakawa machozi kweli, na Maganga akawaambia watu nalia kwa sababu nimekamatwa.

Dickson alikuwa meza kuu. Akatoa daftari lake, akafungua kalamu, akauliza kama aliandike hili. Ndipo Maganga akamgeukia, akamwekea mkono begani.

"Hili usiliandike, bosi," akamwambia.

Dickson akalifunga daftari. Mimi ndiye niliyeliandika, mtani. Njoo unishitaki.